Safari ya Migori na Homa Bay, na Suala la Lori

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, tangu turejee kutoka Nyanza haijapita Ijumaa bila ya mtu kutushika mkono mlangoni mwa msikiti na kutuuliza: "Sheikh, lori mmelinunua?" Wako wanaouliza kwa sababu walitoa sadaka zao kwa ajili ya lori hilo, na hao wana haki ya kujibiwa. Wako wanaouliza kwa sababu waliliona karavani letu likitoka Mombasa nyuma ya pikapu kuukuu, wakatuhurumia. Tumeona ni vyema tuwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu. Ila jibu lenyewe limo ndani ya safari, kwa hivyo twaomba subira yenu tuisimulie.

Kwa wasioijua kazi hii, kila likizo ya Agosti kikundi chetu kidogo huelekea Migori na Homa Bay kwa siku kumi na mbili. Twasomesha watoto herufi na sura fupi, na maalima wetu huwasomesha akina mama tohara, Swala na namna ya kumwosha maiti wa kike. Waislamu wa kaunti hizo mbili ni wachache miongoni mwa jirani zao Wakristo, nao wametawanyika: familia kumi hapa, tano kule, msikiti wa mabati kando ya soko. Wengi wao ni Wajaluo, na wapo Wanubi, Wasomali, na wajukuu wa watu wa pwani waliofuata biashara wakazikwa huko huko.

Miaka ya mwanzo sisi wanaume tulilala misikitini, na maalima wakalala gesti. Katika mji mmoja, ambao hatutautaja, gesti ilikuwa juu ya baa. Muziki haukunyamaza usiku kucha, na mara mbili mlevi aliusukuma mlango wa maalima akidhani ni wa chumba chake. Asubuhi tuliwakuta wameketi kitandani, buibui zao mwilini, hawakufumba jicho. Mume wa mmoja wao alitwambia waziwazi kwamba mwaka ujao mkewe hatakwenda, nasi hatukuwa na hoja ya kumjibu.

Kisha daktari mmoja mzee, alipokuwa akifunga nyumba yake ya Pwani ili ahamie kwa wanawe ng'ambo, akatupa karavani lake. Ni nyumba ndogo ya kuvutwa, ya bati jepesi na mbao, yenye vitanda vitatu, jiko la gesi, tangi la maji, pazia dirishani na mlango unaofungwa kwa ndani. Maalima waliliita Sitara. Tangu siku hiyo hakuna mume aliyemzuia mkewe, na kazi ikaendelea. Twalieleza hili mapema ili msomaji asidhani kwamba karavani lilikuwa anasa. Lilikuja kuziba tundu lililokuwa wazi.

Tatizo lilikuwa kulivuta. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480, na kutoka Nairobi hadi Migori kwa njia ya Narok, Bomet na Kisii ni nyingine zipatazo 370. Pikapu yetu ni ya milango minne, nayo imekwisha kutembea zaidi ya kilomita laki tatu. Mwaka huu tulikuwa watano ndani yake: maalima watatu, dereva wetu ambaye pia ni fundi, na sisi. Maustadhi wawili vijana walipanda basi, kila mmoja na begi moja. Mai Mahiu tuliteremka kwa gia ya pili, midomo ikinong'ona dua. Katika vilima vya Narok sindano ya joto ilipanda mara mbili, tukasimama kando kuipoza injini. Nusu ya siku ikapotea hivyo.

Mbele ya Kisii, katika mteremko wa kuelekea Rongo, karavani lilianza kuyumba. Kwanza lilivuta kushoto kidogo, kisha kulia, kisha kushoto kwa nguvu zaidi, na kila lilipoyumba liliichukua pikapu pamoja nalo. Breki zilikuwa zimekwisha kushika moto kwa miteremko iliyotangulia, na harufu yake ilituingia puani. Mbele yetu palikuwa na bodaboda iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Dereva wetu, Allah amlipe kheri, hakukanyaga breki kwa pupa. Aliachia mafuta, akaushika usukani bila ya kuukunja, akaliacha gari lipungue lenyewe. Tulimpita yule mama kwa nafasi isiyozidi dhiraa mbili. Hatujui kama alitambua lililompita.

Tulisimama Rongo kwenye kituo cha mafuta. Hakuna aliyesema neno. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzifupisha, na katika sijda ya mwisho tulikaa muda mrefu kuliko kawaida. Tulipotoa salamu, neno la kwanza tulilolisema lilikuwa: "Lazima tununue lori."

Tulimpigia simu mweka hazina wetu. Jioni hiyo hiyo akatujibu kwamba limepatikana lori lililotumika la aina ya kanta, katika hali njema, kwa shilingi milioni mbili na laki sita. Mfuko wetu ulikuwa na laki tisa. Kilichobaki kingepatikana kwa murabaha, yaani benki inalinunua lori, kisha inatuuzia kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu siku ya mkataba, nasi twalipa kwa awamu bila ya riba kuingia. Njia hiyo imekuwa nyepesi nchini tangu benki za Kiislamu zilipofunguliwa mwaka 2008. Kwa miaka mitatu tungelipa takriban shilingi elfu sitini kila mwezi. Mwenye lori alitaka jibu ndani ya wiki moja. Tukasema: inshaallah, jibu litakuwa ndiyo.

Asubuhi tulishika njia ya Migori polepole. Kati ya Rongo na Migori kuna Awendo, mji wa miwa. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho wenyeji hukiita Sony, kimekuwa hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na barabara zote za jirani ni za matrekta yanayovuta matrela yaliyojazwa miwa hadi juu ya vichwa vya watu. Mtu wa pwani akiyaona mara ya kwanza hushika kifua. Ila madereva wake hukaa vitini mwao kwa utulivu, mmoja akila muwa huku akiendesha.

Dereva wetu alisimamisha gari penye kibanda cha chai, akamwendea mzee mmoja wa matrekta, akamwamkia kwa heshima na kumwomba atazame karavani letu. Yule mzee hakutazama juu, alitazama chini. Alilala chali juu ya gunia, akaingia uvunguni, na baada ya muda tukasikia sauti yake: "Hili lina breki zake. Nani alizifunga?"

Hatukuwa tukijua kwamba karavani lina breki. Alitoka, akajipangusa, akatuonyesha chuma cha mbele ya karavani pale linapoungana na gari. Gari likipunguza mwendo, alisema, trela hulisukuma, na msukumo huo huo ndio unaovuta waya na kuzibana breki za magurudumu ya trela. Chuma kile chetu kilikuwa kimeshikwa na kutu mahali pake, huenda kwa miaka kumi. Hivyo katika kila mteremko uzito wote wa karavani uliegemea breki za pikapu peke yake. Dereva wetu aliinamisha kichwa. Yeye mwenyewe anajua kwamba watengenezaji wengi wa pikapu za tani moja huruhusu trela lisilo na breki lisizidi kilo 750.

"Na hili lina kilo ngapi?" akauliza mzee. Hatukujua pia. Akatuelekeza kwenye mzani wa miwa kando ya barabara. Tulilifungua karavani, likapandishwa peke yake, na mzani ukasoma kilo 1,640. Bamba lake la kiwandani linasema kwamba likiwa tupu lina kilo 1,050. Yaani tulikuwa tumelipakia karibu kilo 600.

Tulikaa na daftari kando ya mzani tukaandika kila kilichokuwamo: magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kupikia, tangi la maji lililojaa tangu Mombasa, misahafu na vitabu, sufuria za kupikia watu hamsini, hema, mazulia, viti vya plastiki, jenereta. Yule mzee aliusikia mchele akacheka. Alituuliza kama twajua kwamba bondeni mwa Mto Kuja, upande wa Nyatike, watu wanalima mpunga. Aliuliza pia kama maji ya Migori yana ila gani. Kisha akatuonyesha kosa la pili: vitu vizito tulivipanga nyuma ya ekseli, vikaunyanyua mdomo wa karavani, na trela lenye mdomo mwepesi huyumba. Uzito unaoikalia ndoano ya gari, alisema, uwe kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela lote.

Tulimuuliza kuhusu lori. Alifikiri, kisha akajibu kwa maneno tuliyoyaandika katika daftari lile lile: "Kwa lori mtavuta vizuri. Lakini mkiwa na lori mtapakia zaidi. Mimi nimeona."

Tulilipanga karavani upya, tukaushusha mchele wote tukauacha kwa imamu wa jirani awape wenye kuhitaji, tukayamwaga maji. Tulifika Migori kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, bila ya kuyumba.

Migori ni mji wa njia. Mpaka wa Isebania uko karibu, na barabara inayoingia Tanzania hupitia katikati yake, ndiyo maana Kiswahili husikika sokoni saa zote, kimechanganyika na Kijaluo na Kikuria. Tulisomesha hapo siku nne. Siku ya mapumziko tuliliacha karavani uani mwa msikiti, tukaenda kwa pikapu peke yake hadi Thimlich Ohinga, mwendo wa kilomita zipatazo 46 kaskazini magharibi ya mji. Maalima mmoja alisema garini kwamba amesahau jinsi safari inavyokuwa mtu asipotazama kioo cha nyuma kila dakika.

Thimlich Ohinga ni ngome za mawe zilizojengwa yapata miaka mia tano iliyopita. Hakuna chokaa wala udongo wa kushikiza. Jiwe limekaa juu ya jiwe, kubwa na dogo yakishikana, na kuta zake zina urefu wa mita moja na nusu hadi nne na nusu. Watu wa makabila mbalimbali wameishi ndani yake kwa kupokezana, kila mmoja akirekebisha palipobomoka. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, katika mkutano uliofanyika Manama, Bahrain. Sisi tuliozoea magofu ya Gede na kuta za matumbawe tulijiona nyumbani na ugenini kwa pamoja.

Jambo lililotukaa moyoni ni milango. Ni myembamba na mifupi, na mtu mzima hapiti bila ya kuinama. Kijana aliyetuongoza alitueleza kwamba adui hawezi kuingia kwa kishindo mahali anapoinama, na kwamba mgeni mwema naye huingia vivyo hivyo, kichwa chini, mikono mitupu. Tuliinama tukapita, kofia yetu ikaguswa na jiwe la juu ikaanguka. Maalima walicheka sana, nasi pia.

Kutoka Migori tulirudi hadi Rongo, tukakata kushoto kupitia Rodi Kopany, tukateremka Homa Bay. Asiyefika huko ajue kwamba mji uko ukingoni mwa ziwa, na kilima cha Asego kimesimama juu yake kama pia iliyopinduliwa. Jioni ya kwanza tuliswali Magharibi ufukweni. Mombasa kibla chetu ni kaskazini karibu sawasawa, na huko huinamia mashariki kidogo, kwa hivyo mtu huswali uso wake ukielekea maji ya ghuba. Jua nalo huchelewa kutua kwa zaidi ya dakika ishirini ukilinganisha na pwani, na vijana wetu waliokuwa wamefunga Sunna ya Alhamisi walizihisi dakika hizo moja moja. Walifuturu kwa tende za Mombasa na ngege wa Homa Bay.

Karavani tulilipeleka kwa fundi wa mji ili breki zake zifufuliwe. Aliifungua ile kutu akatwambia vipuri vitatoka Kisumu, na kazi ni ya siku tatu. Sisi tulikuwa tunatarajiwa Kendu Bay kesho yake. Siku mbili zilikuwa zimebaki kabla ya kumjibu mwenye lori.

Kendu Bay iko kilomita zipatazo thelathini kaskazini mashariki ya Homa Bay. Ni mji mdogo kwa macho, lakini katika historia ya Uislamu wa Nyanza una heshima, kwani wafanyabiashara Waislamu waliweka makao hapo tangu siku za ukoloni, na Wajaluo wa hapo walikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Kwa miaka miwili tulikuwa tukiliegesha karavani katika boma la bibi mmoja mjane, nje kidogo ya mji. Maalima walilala ndani ya karavani, walipika kwa gesi yao, na asubuhi walimpelekea bibi bakuli la pilau. Tulidhani huo ndio uungwana: kutomlemea mjane.

Safari hii tulifika bila ya karavani. Bibi alisimama uani akatazama nyuma ya pikapu, kisha akatutazama sisi.

"Nyumba yenu iko wapi?"

"Mama, imeharibika breki. Tumeiacha Homa Bay. Tunaomba utusitiri usiku huu, maalima wapate pa kulala, nasi tutakwenda msikitini."

Hakujibu. Alichukua ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pindo la leso yake, akatuongoza nyuma ya nyumba, akafungua mlango. Kilikuwa chumba cha saruji, kimepakwa chokaa, na ndani yake magunia mawili ya mahindi yaliyoegemezwa ukutani. Nyuma ya magunia palikuwa na vitanda viwili vilivyofunikwa kwa nailoni, vyandarua vimekunjwa juu yake, na mlangoni komeo la ndani, jipya, ambalo rangi yake haijachubuka.

"Chumba hiki tulikijenga mwaka ule mliposema mtarudi," alisema. "Wanangu walituma pesa, na akina mama wa hapa walibeba mchanga kutoka ziwani. Mlirudi, mwanangu. Mlirudi na nyumba yenu kama konokono. Nikaweka mahindi."

Akaongeza, bila ya hasira: "Nyinyi watu wa pwani si ndio mnaosema mgeni njoo, mwenyeji apone? Sasa mtaniponyaje na hamuingii?"

Ndugu wasomaji, tumesoma vitabu vya adabu za mgeni kwa miaka mingi, na tumevisomesha. Tumewasomesha watu habari za Nabii Ibrahim na ndama aliyewaandalia wageni wake. Hatukuwahi kujiuliza hali ya mwenyeji aliyechinja, kisha mgeni akafungua kapu lake mwenyewe. Tulisimama pale mlangoni tukakosa la kusema, na mwishowe ni maalima mkubwa aliyeingia, akabeba ncha moja ya gunia, bibi akashika ya pili, wakaanza kuyatoa mahindi.

Usiku ule tulikula ugali wa mtama, omena na mboga za kienyeji. Akina mama wa jirani walikuja hadi saa nne, wengine ambao kwa miaka miwili hawakuwahi kufika katika darasa la maalima. Mmoja wao alieleza kwamba kugonga mlango wa karavani kulimtia haya, kwa sababu ilikuwa nyumba ya wageni, lakini nyumbani kwa bibi yeye huingia bila ya kubisha. Kabla ya kulala walikuwa wamesoma mlango mzima wa tohara.

Asubuhi mjukuu wa bibi alitupeleka kuliona Ziwa la Simbi Nyaima, ambalo liko karibu. Ni ziwa la duara katika shimo la volkeno, maji yake ya kijani na ya magadi, na baadhi ya misimu ndege aina ya heroe hukusanyika hapo. Wenyeji husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji. Mwanamke mkongwe alifika usiku wa sherehe akiomba chakula na mahali pa kulala, wakamfukuza wote isipokuwa mmoja aliyemhurumia. Kisha maji yakaja yakakifunika kijiji. Sisi hatuyathibitishi masimulizi ya watu wala hatuyakejeli. Msomaji wa Suratul Kahf anakijua kijiji kilichokataa kuwakaribisha Nabii Musa na Khidhri, na anajua kwamba ukuta wao ulijengwa hata hivyo. Tulipokuwa tukilizunguka ziwa, yule kijana alisema kwamba watoto wa hapo husimuliwa kisa hicho wangali wadogo, ndiyo maana mgeni hapiti bomani kwao bila ya kupewa kitu. Tukamfahamu bibi yake zaidi.

Jioni hiyo tulifanya shura. Ilibidi tumjibu mwenye lori, na hatukutaka jibu litoke katika hofu ya Rongo wala katika machozi ya Kendu Bay. Tuliandika hesabu. Lori lingetugharimu elfu sitini kwa mwezi kwa miaka mitatu, na juu yake bima, matairi, na dizeli nyingi zaidi kwa kila kilomita. Dereva wetu angelazimika kupata leseni ya daraja la juu. Kisha lori lingelala Mombasa miezi kumi na moja likisubiri Agosti. Upande wa pili wa karatasi tuliandika kwamba katika vijiji sita tunavyovizuru hakuna mwalimu wa madrasa wa kudumu. Watoto husoma siku zetu chache, na tukirudi mwakani tunaanza tena na alifu. Elfu sitini ni posho ya elfu kumi kwa walimu sita, kila mwezi. Idadi hizo mbili ziliwekwa kando kwa kando na hakuna aliyehitaji kuzifasiri.

Hata hivyo haikuwa rahisi, na si haki tuwafiche. Maalima mkubwa hakukubaliana nasi moja kwa moja. Alisema: "Sheikh, nyinyi wanaume mnalala msikitini, na kila mji una msikiti. Msitwambie habari za unyenyekevu wa mgeni mpaka mtwambie sisi tutalala wapi Migori, na tutalala wapi njiani. Hapa kwa bibi kuna komeo. Kwingine je?" Hakuna aliyemjibu upesi, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Na sisi tulipojichunguza tulikuta jambo jingine ambalo twalikiri hapa: tulikuwa tumekwisha kujiona ndani ya lori lile, jina la kikundi limeandikwa ubavuni, watu wa miji wakitutazama tukipita. Mtu huweza kuinunua riya kwa murabaha vilevile.

Uamuzi tuliofikia ni huu. Lori hatukulinunua. Karavani limetengenezwa breki, na halitarudi Mombasa. Litakaa Homa Bay, katika uwanja wa msikiti, liwe chumba cha maalima mjini humo, na likihitajika kijiji cha karibu litavutwa likiwa tupu, kwa mwendo mfupi. Kendu Bay watalala kwa bibi. Migori, familia mbili zimeahidi chumba chenye komeo la ndani, na maalima wenyewe wamekwenda kukikagua. Njiani watalala Nairobi kwa jamaa zetu wanaojulikana. Maalima mkubwa amekubali kwa mwaka mmoja. Alisema: "Mwakani tukirudi salama, nitasema mlikuwa na haki. Sio kabla." Tumeliandika neno lake katika kumbukumbu za kikao.

Tulirudi pwani kwa pikapu tupu. Mteremko wa Kisii safari hii ulikuwa mlima wa kupanda, na sindano ya joto haikugusa hata nusu.

Sasa wajibu wetu kwenu. Sadaka iliyotolewa kwa jambo maalumu haihamishwi kwenda kwenye jambo jingine bila ya idhini ya mtoaji. Laki tisa zile mlizitoa kwa ajili ya lori, nasi hatuna ruhusa ya kuzilipa posho hata kama tunaona ni kheri. Kwa hivyo kila aliyetoa twamwomba afike kwa mweka hazina baada ya Swala ya Ijumaa, au amtume wakili wake, aseme moja kati ya mawili: arudishiwe chake bila ya lawama yoyote, au aturuhusu tukielekeze kwa walimu wa vijiji sita. Aliyetoa kwa siri atume neno kwa siri vilevile.

Na kwa ndugu wenye kuvuta matrela ya boti, matangi ya maji au vizimba vya kuku katika barabara zetu, chukueni nasaha ya mzee wa Awendo kabla ya kufikiria gari kubwa zaidi. Lipimeni trela kwenye mzani likiwa limepakiwa. Lalani chini mtazame kama lina breki na kama zinashika. Vitu vizito viwekwe juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Mteremko uteremkwe kwa gia ndogo tangu juu, si baada ya mwendo kukolea. Likiyumba, achieni mafuta, msikanyage breki kwa ghafla. Na asipande mtu ndani ya trela, hata mtoto, hata kwa hatua chache. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Sisi tulikuwa tumetegemea bila ya kufunga.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amhifadhi yule mama wa bodaboda na mwanawe, popote walipo. Amlipe dereva wetu kwa utulivu wake, amlipe mzee wa matrekta, na ampe bibi wa Kendu Bay umri mrefu wenye afya, na wageni wengi wanaoingia ndani. Amin.

Wabillahi tawfiq.